Namba Nyuma ya Amri: Namna Makatizo ya Programu Yanavyoandikwa

Katizo la programu ni amri inayotolewa na programu yenyewe, kwa makusudi, ili prosesa iache mfuatano wa kazi iliyokuwa ikifanya, ihifadhi mahali ilipofikia na kurukia utaratibu ulioandaliwa na mfumo endeshi au na programu ya msingi ya mashine. Utaratibu huo ukikamilika, prosesa hurudi ilikoachia. Katizo la maunzi hutoka nje ya programu na huja bila hodi: kibodi imebonyezwa, saa imetimia, diski imemaliza kusoma. Katizo la programu halina mshangao huo. Limeandikwa kwenye mstari wake, na kila programu ikipita hapo huduma ileile huombwa. Kwa kuwa limeandikwa, sharti liwe na namna ya kuandikwa, na namna hizo zimekuwa nyingi kuliko zilivyohitajika.

Kwa prosesa hakuna utata. Katika familia ya Intel 8086, iliyotoka mwaka 1978, ombi la huduma za mfumo endeshi wa DOS ni baiti mbili, CD na 21, basi. Utata ni wa binadamu. Ombi hilohilo huonekana katika kitabu kimoja kama INT 21h, katika kingine kama int 0x21, kwenye skrini ya programu ya DEBUG kama INT 21, katika Turbo Pascal kama $21, katika BASIC kama &H21, na kwa anayependelea hesabu ya kawaida kama katizo la 33. Nyuma ya tofauti hizi kuna maswali matatu ambayo uandishi wowote wa katizo unapaswa kuyajibu: namba imeandikwa kwa msingi gani, sehemu iliyobaki ya ombi iko wapi, na ni mfumo upi unaosemeshwa. Karibu kila kosa linalozaliwa na uandishi wa makatizo hutokana na mojawapo ya maswali hayo kuachwa bila jibu.

Namba ni nafasi, si anwani

Namba ya katizo katika 8086 ni nafasi katika jedwali. Kilobaiti ya kwanza ya kumbukumbu, kuanzia anwani 0 hadi 3FFh, imetengwa kwa vekta 256, kila moja ikiwa na baiti nne. Anayetaka kujua INT 21h inaelekea wapi huzidisha 21h mara 4, anapata 84h, na baiti nne zilizoko hapo ndizo anwani ya mlango wa DOS. Kabla ya kuruka, prosesa huweka kwenye staki bendera zake, rejista CS na rejista IP. Amri ya IRET huzirudisha wakati wa kuondoka. Kwa kuwa namba ni nafasi tu, programu yoyote ya zama za DOS iliweza kubadilisha vekta na kujipenyeza katikati. Ndivyo zilivyofanya programu zilizodumu kwenye kumbukumbu, na ndivyo walivyofanya virusi wengi wa miaka hiyo.

Intel ilijiwekea akiba vekta 32 za kwanza. IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC mwaka 1981 haikujali akiba hiyo, ikatumia kadhaa kati ya nafasi hizo kwa huduma za BIOS, programu ya msingi ya mashine hiyo: INT 10h kwa skrini, INT 13h kwa diski, INT 16h kwa kibodi. Prosesa zilizofuata zilipodai nafasi zao, mgongano ukawa hauepukiki. Vekta ya 5, ambayo IBM iliipa kazi ya kuchapa skrini, ikawa mali ya amri ya BOUND katika 80186 na 80286.

Mgongano huo wa maunzi uliambatana na mgongano wa uandishi ambao haujaisha hadi leo. Vitabu vya Intel huorodhesha hitilafu za prosesa kwa hesabu ya kumi: vekta ya 13 ni ukiukaji wa ulinzi wa jumla, ya 14 ni kukosekana kwa ukurasa wa kumbukumbu. Nyaraka za BIOS huorodhesha kwa heksadesimali, yaani hesabu ya msingi wa 16. Kwa hiyo maneno “katizo la 13” yakisimama peke yake hayana maana kamili. Msomaji wa Intel ataona hitilafu ya ulinzi. Msomaji wa BIOS ataona diski, ambayo kwa hesabu ya kumi ni 19. Pengine ndiyo sababu alama za Intel za reli na herufi mbili, kama #GP kwa hitilafu ya ulinzi, #PF kwa ukurasa na #DE kwa kugawanya kwa sifuri, zimependwa sana. Zinaondoa namba kabisa. Pale ambapo hitilafu huambatana na msimbo wa maelezo, msimbo huo huandikwa ndani ya mabano, kama #GP(0), na msomaji hana tena sababu ya kubahatisha.

Kuna namba moja katika jedwali hilo inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi, nayo ni 3. Amri ya kawaida ya katizo ina baiti mbili, CD na namba. Lakini katizo la 3 lina pia umbo la baiti moja, CC, lililobuniwa kwa ajili ya programu za kusaka hitilafu. Programu ya aina hiyo husimamisha nyingine kwa kufuta baiti ya kwanza ya amri inayohusika na kuweka CC mahali pake. Kama umbo lingekuwa la baiti mbili, na amri iliyolengwa ni ya baiti moja, kusimamisha kungeharibu amri inayofuata, ambayo huenda sehemu nyingine ya programu inairukia moja kwa moja. Hivyo CC na CD 03 huelekea kwenye vekta moja lakini si kitu kimoja. Katika uandishi, tofauti hiyo hubebwa na nafasi tupu: INT3 bila nafasi ni baiti moja, na INT 3 yenye nafasi, kwa anayefuata kanuni kikamilifu, ni baiti mbili. Asembla nyingi, yaani programu zinazogeuza amri zilizoandikwa kuwa baiti, hazifuati kanuni kikamilifu. Kuweka tofauti ya maana ndani ya nafasi tupu ni uamuzi mbaya, na si ajabu kwamba wengi hupita bila kuiona.

Msingi wa namba

Heksadesimali ilishinda katika uwanja huu kwa sababu baiti moja huandikwa sawasawa kwa tarakimu mbili. Haikushinda kila mahali. IBM, katika mashine za System/360 zilizotangazwa mwaka 1964, iliita amri yake SVC na kuipa namba kutoka 0 hadi 255, na mazoea ya waandishi wake yakawa hesabu ya kumi. SVC 13, inayosimamisha kazi kwa dharura, huonekana kwenye kumbukumbu kama 0A0D: 0A ni amri, 0D ni 13. Mtaalamu wa mashine hizo husema kumi na tatu mdomoni na kusoma 0D kwenye karatasi bila kusita. Digital, katika PDP-11, ilitumia oktali, hesabu ya msingi wa 8. Amri yake ya EMT huchukua thamani kuanzia 104000 hadi 104377, na TRAP kuanzia 104400 hadi 104777. Unix za mwanzo kwenye mashine hiyo ziliomba huduma kupitia TRAP.

Baada ya heksadesimali kukubalika lilibaki swali la namna ya kuitambulisha. Intel na Microsoft ziliweka herufi h mwishoni, pamoja na sharti kwamba namba lazima ianze na tarakimu ili asembla isiichukue kama jina. Kwa hiyo FFh huandikwa 0FFh. Lugha ya C iliweka 0x mwanzoni. Motorola na Turbo Pascal ziliweka $, Acorn ya Uingereza ikaweka &. Katika DEBUG ya DOS hakuna alama yoyote, kwa kuwa kila namba humo ni heksadesimali, jambo linalompendeza aliyezoea na kumwangusha anayenakili kutoka humo kwenda kwenye asembla nyingine: INT 21 ya DEBUG ikiandikwa hivyohivyo katika MASM huwa katizo la 21 kwa hesabu ya kumi, yaani 15h, ambalo ni la BIOS na halina uhusiano na DOS.

Herufi h ina tatizo la ziada katika nchi zinazosoma kwa Kifaransa. Mwanafunzi wa informatika mjini Bunia, ambako kama kwingine Kongo masomo ya juu hufundishwa kwa Kifaransa, amekuwa akiona 21h tangu utotoni kwenye ratiba na matangazo, na maana yake ni saa tatu usiku. Usumbufu ni mdogo na huisha baada ya somo la kwanza. Hata hivyo unaeleza kwa nini walimu wengine wa Kifaransa huandika namba ndani ya mabano na kuweka 16 ndogo chini yake, mtindo ulio safi ubaoni lakini usiokubalika na asembla yoyote.

Alama ya $ ndiyo iliyoleta madhara makubwa zaidi, kwa sababu ina maana mbili zinazopingana. Katika mtindo wa AT&T, unaotumiwa na asembla ya GNU, $ haisemi lolote kuhusu msingi; inasema tu kwamba kinachofuata ni thamani yenyewe na si anwani ya kumbukumbu. Desturi hiyo ilirithiwa kutoka asembla ya Unix ya PDP-11. Katika NASM, asembla inayofuata mtindo wa Intel, $ ikifuatwa na tarakimu ni alama ya heksadesimali. Matokeo yake ni kwamba mstari int $80 ni halali katika asembla zote mbili na una maana mbili. Kwa NASM ni CD 80, mlango wa Linux ya biti 32. Kwa GNU ni 80 ya hesabu ya kumi, yaani CD 50, vekta ambayo programu ya kawaida hairuhusiwi kuigusa. Prosesa hukataa, na Linux huifunga programu kwa kosa la kumbukumbu ambalo halina uhusiano wowote na kumbukumbu. Uandishi sahihi kwa GNU ni int $0x80, alama mbili zenye kazi mbili. Kati ya makosa yote yanayojadiliwa hapa, hili ndilo gumu zaidi kulikamata, kwa kuwa asembla haitoi onyo.

Mfano wa zamani zaidi wa ugomvi huu hauhusu msingi bali kinachohesabiwa. Prosesa ya Intel 8080 ya mwaka 1974 ilikuwa na amri nane za RST, zilizoandikwa RST 0 hadi RST 7 kwa kuhesabu nafasi. Zilog ilipotoa Z80 mwaka 1976 ilizichukua amri hizohizo, baiti kwa baiti, lakini ikaziandika kwa anwani zinakoelekea: RST 00h, RST 08h, na kuendelea hadi RST 38h. Baiti FF ni RST 7 kwa Intel na RST 38h kwa Zilog. Uandishi wa Zilog ni bora kwa anayesoma programu, maana unasema moja kwa moja mahali pa kwenda. Wa Intel ni bora kwa anayesoma maunzi, maana unaonyesha biti tatu zilizomo ndani ya amri.

Sehemu iliyobaki ya ombi

Kama kila huduma ingekuwa na namba yake ya katizo, nafasi 256 zingeisha haraka. Ufumbuzi ulitoka kwenye mfumo endeshi wa CP/M, ambao ulikuwa na mlango mmoja, CALL 5, na namba ya huduma ikawekwa kwenye rejista C. DOS ilifuata njia hiyohiyo kwa INT 21h na rejista AH. Huduma 09h huandika mfululizo wa herufi unaoishia na alama ya $. Huduma 4Ch, iliyoingia na DOS 2.0 mwaka 1983, huifunga programu na kurudisha msimbo kupitia AL. Tangu hapo “INT 21h” peke yake haikuwa ombi tena. Ilikuwa jina la ofisi bila kutaja shida iliyompeleka mtu.

Uandishi ulilazimika kupanuka. Wengine waliandika INT 21h, AH=4Ch; wengine INT 21h/4Ch; wengine “huduma 4Ch ya DOS”. Programu zenyewe mara nyingi huunganisha namba ya huduma na thamani yake katika rejista moja, kwa kuandika 4C00h ndani ya AX, ambapo 4C ni huduma na 00 ni msimbo wa kuondokea. Mtindo huo unaokoa baiti na unasomeka haraka kwa aliyezoea, lakini mwanafunzi huchukua muda kutambua kwamba 4C00h na 4C01h ni huduma moja, ilhali 4300h na 4301h ni kazi mbili tofauti: ya kwanza husoma sifa za faili, ya pili huzibadilisha. Kwa huduma 4Ch AL ni thamani. Kwa huduma 43h AL ni tawi la huduma. Macho hayaoni tofauti yoyote.

Nukta pacha ina hila ya aina hiyo. DS:DX, katika maelezo ya huduma 3Dh ya kufungua faili, ni anwani: DS ni sehemu ya kumbukumbu, DX ni umbali ndani yake, na hapo ndipo jina la faili lilipo. CX:DX, katika huduma 42h ya kusogeza mahali pa kusomea, si anwani hata kidogo. Ni namba moja ya biti 32 iliyogawanywa kwenye rejista mbili, na jibu hurudi katika DX:AX kwa mtindo huohuo. Alama moja imebeba kuzidisha na kujumlisha kwa upande mmoja, na kuunganisha tu kwa upande mwingine. Kanuni pekee inayomwokoa msomaji ni kwamba katika anwani kushoto hukaa rejista ya sehemu, yaani CS, DS, ES au SS.

Aliyefanya zaidi ya yeyote kuweka utaratibu katika fujo hii ni Ralf Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Orodha yake ya makatizo, ambayo toleo la 61 la Julai 2000 ndilo la mwisho, ilikusanya maelfu ya huduma za DOS, BIOS na programu zilizojipenyeza katikati yake. Kila ingizo hutanguliwa na mstari wa vistari wenye herufi ya kundi, kama D kwa DOS au V kwa skrini, kisha tarakimu za katizo na za huduma zikiwa zimeshikana: 214C ni katizo 21h, huduma 4Ch. Ufunguo huo wenye upana usiobadilika uliwezesha faili kubwa kupangwa na kutafutwa kwa programu ndogo sana. Chini yake hufuata jina la mfumo na toleo lake, rejista za kuingilia, rejista za kutokea, na rejeo kwa huduma za jirani. Mafanikio au kushindwa husemwa kwa bendera ya CF: ikiwa sifuri huduma imefaulu, ikiwa moja AX ina msimbo wa kosa. Maswali yote matatu yamejibiwa katika mistari michache. Thamani ya kazi hiyo inaonekana zaidi katika jibu la swali la tatu, kwa kuwa katizo moja liliweza kuwa na wenyeji kumi wanaogombania namba ileile.

Namba ndani ya amri, namba ndani ya rejista

Nje ya Intel, wabunifu wengi walijaribu kuiweka namba ya huduma ndani ya amri yenyewe. Prosesa ya ARM ilikuwa na SWI, amri ya biti 32 ambamo biti 24 ziliachwa kwa ajili ya namba. Mfumo wa RISC OS wa Acorn uliitumia nafasi hiyo kwa ufundi: kila huduma ilikuwa na jina, kama OS_WriteC ya kuandika herufi moja, na kulikuwa na toleo lake la pili, XOS_WriteC, ambalo lilitofautiana kwa biti ya 17 peke yake. Lisilo na X likikosea, mfumo hushika usukani na kumwonyesha mtumiaji kosa. Lenye X hurudisha kosa kwa programu iliyoomba. Herufi moja ya jina inalingana na biti moja ya amri, na hakuna kilichofichwa. Kama uandishi wa makatizo ungekuwa na mashindano, huu ungestahili nafasi ya kwanza.

Motorola 68000 ilikuwa na TRAP #0 hadi TRAP #15. Atari ST iligawa huduma zake kati ya TRAP #1, #13 na #14, na namba ya huduma ikasukumwa kwenye staki. Katika 6809 ya Motorola kulikuwa na SWI, SWI2 na SWI3, ambazo hazina nafasi ya namba hata moja. Mfumo wa OS-9 ulitatua hilo kwa kuweka baiti ya huduma mara tu baada ya amri, katikati ya programu, na utaratibu wa mfumo ukaisoma na kuiruka kabla ya kurudi. Majina yake yalianza na F$ kwa kazi za mfumo na I$ kwa kusoma na kuandika. Thomson MO5, kompyuta iliyosambazwa katika shule za Ufaransa kwa mpango wa mwaka 1985, ilifuata njia hiyohiyo kwa SWI. Tatizo la njia hiyo ni kwamba programu inayotafsiri lugha ya mashine kurudi kwenye maandishi, isipojua kanuni hii, huichukua baiti ya huduma kama amri na kupotosha kila kinachofuata.

Linux kwenye ARM iliwahi kuweka namba ndani ya amri, ikianzia 900000h. Ili kuijua huduma iliyoombwa, kerneli ililazimika kurudi kwenye kumbukumbu ya programu na kuisoma amri kama data, kazi inayochelewesha na kuvuruga akiba ya haraka ya prosesa. Kanuni mpya iliyofuata, EABI, iliihamisha namba kwenye rejista r7, na amri ikabaki na sifuri daima. Wakati huohuo ARM ilibadilisha jina la SWI kuwa SVC bila kugusa biti hata moja. Vitabu vya zamani na vipya vinatofautiana kwa herufi. Mashine haijui kuna mabadiliko.

Mfumo unaosemeshwa

Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi, kwa kuwa mwandishi huwa ndani ya mfumo wake na haoni haja ya kuutaja. Mfano ulio hai uko katika Linux kwenye prosesa za Intel na AMD. Kwa biti 32, programu huweka namba ya huduma katika eax, thamani katika ebx, ecx, edx na kuendelea, kisha huita int 0x80. Huduma ya 1 ni kufunga programu, ya 4 ni kuandika. Kwa biti 64 amri ni syscall, namba iko katika rax, thamani ziko katika rdi, rsi, rdx, na huduma ya 1 ni kuandika, ya 60 ni kufunga. Kerneli ya biti 64 iliyoandaliwa kupokea programu za zamani bado hujibu int 0x80, lakini kwa jedwali la zamani. Anayechanganya namba za jedwali moja na amri ya jingine huomba kuandika na programu yake ikafungwa kimya. FreeBSD ya biti 32 nayo hutumia int 0x80, ila husubiri thamani kwenye staki. Amri ni ileile, baiti ni zilezile, mkataba ni mwingine.

Unix ilipunguza hatari hii mapema kwa kuacha namba na kutumia majina. Mwongozo wake wa mwaka 1971 uliweka maombi ya kerneli katika sehemu ya pili, na hadi leo write(2) husomeka kama ombi la kerneli, tofauti na printf(3), ambayo ni ya maktaba. Mabano hayo yanasema jambo ambalo hakuna namba ya katizo iliyowahi kusema: ni nani anayejibu.

Ndugu wa karibu wa uandishi huu hutumiwa kila siku na watu wasiojua kwamba makatizo yapo. Mkazi wa Nyakasanza, mjini Bunia, anayetuma pesa kwa M-Pesa ya Vodacom hubonyeza *1122#; mwenye Airtel hubonyeza *501#, na mwenye Orange *144#. Misimbo hii ya USSD huacha mazungumzo ya kawaida ya simu na kuomba huduma kwa namba kutoka kwenye mitambo ya mtandao, ambayo hujibu kwa ujumbe usiozidi herufi 182. Uandishi wake una nidhamu ambayo waandishi wa asembla hawakuifikia. Nyota hufungua na hutenganisha, reli hufunga, na msingi wa namba ni mmoja. Katika misimbo iliyowekwa na viwango vya GSM, alama za mwanzo ni vitenzi: **21* ikifuatwa na namba na reli huelekeza simu zote kwingine, *#21# huuliza hali ilivyo, na ##21# hufuta. Misimbo hii, pamoja na *#06# inayoonyesha namba ya utambulisho wa simu, ina maana moja popote.

Ya kampuni haina. *144# ni Orange Money nchini Kongo. Kwa mteja wa Safaricom wa Kenya ni kuangalia salio la muda wa maongezi. Tanzania huandika M-Pesa kama *150*00#, ambapo 150 ni mlango wa pamoja wa huduma za pesa na tarakimu zinazofuata humtaja mtoaji: 01 kwa iliyokuwa Tigo Pesa, 60 kwa Airtel Money. Muundo huo wa mlango na tawi ndio uleule wa INT 21h na AH, na ndio ulio bora, kwa kuwa anayesoma msimbo anaweza kuona huduma na mwenyeji wake kwa pamoja. Msimbo wa Kongo ni mfupi zaidi kubonyeza, lakini ukiandikwa kwenye karatasi bila jina la mtandao haujitoshelezi.

Kwa kitabu cha kufundishia, uandishi unaofaa ni ule unaojaza nafasi zote tatu hata pale zinapoonekana kuzidi: INT 21h, AH=4Ch, DOS 2.0 na kuendelea; au int 0x80, eax=1, Linux ya biti 32. Mtindo wa kiambishi, uwe h au 0x, ni shauri la asembla inayotumika darasani, mradi usichanganywe ndani ya kitabu kimoja, na $ iepukwe kabisa nje ya mistari ya programu. Mazoezi ya DOS yataendelea kuwepo vyuoni kwa sababu emu8086 na DOSBox huendeshwa bila shida kwenye kompyuta za zamani. Simu za Android za biti 64 zilizo mikononi mwa wanafunzi haohao zimeliacha jedwali la namba za makatizo kando: amri ni moja, svc #0, namba ya huduma iko katika rejista x8, 64 ni kuandika na 93 ni kufunga.